Nahodha anapoogopa aibu kuliko maji

Saa 7:46 usiku wa kuamkia Jumamosi, Januari 14, 2012, ofisa wa walinzi wa pwani ya Italia aliyekuwa zamu Livorno, Gregorio De Falco, alimpigia simu nahodha wa meli ya kitalii Costa Concordia. Meli hiyo ilikuwa imelala ubavu kwenye mawe ya kisiwa cha Giglio na ndani yake mlikuwa na watu. Nahodha wake, Francesco Schettino, alikuwa ameshatoka. De Falco alimwambia kwamba upande wa omo kuna ngazi ya kamba: aipande, aingie melini, kisha amweleze wamebaki wangapi, wangapi ni watoto, wangapi ni wanawake, na kila kundi linahitaji msaada gani. Schettino alijibu kwamba kuna giza. De Falco, kwa hasira ya mtu aliyekwisha kuomba mara nyingi, alimwamuru kwa neno kali arudi melini.

Kanda ya mazungumzo hayo ilisambaa dunia nzima. Maneno ya De Falco yalichapwa kwenye fulana, na Schettino akawa mfano wa mwoga. Kwa aliyekimbia watu aliokabidhiwa, hukumu hiyo haikuwa ya uonevu. Hata hivyo, aliyesikiliza simu ile akaishia hapo ameisikia sehemu ya mwisho tu ya mkasa. Meli ilikuwa imegonga mwamba saa nne kabla. Uoga uliochangia vifo vya watu 32 ulianza kazi mapema zaidi, wakati nahodha bado amesimama kwenye chumba cha kuongozea meli, amevaa sare, na maofisa wake wanasubiri kauli yake. Mtu anayetaka kujua kwa nini manahodha huwaangusha abiria wao aanzie hapo.

Saa moja na dakika tisa

Costa Concordia iling'oa nanga Civitavecchia, bandari iliyo karibu na Roma, jioni ya Januari 13, ikielekea Savona kaskazini mwa Italia. Ilikuwa na urefu wa mita 290 na ilibeba watu 4,229, yaani abiria 3,206 na wafanyakazi 1,023. Schettino aliamua kuipitisha karibu na Giglio ili kukipigia kisiwa saluti, mtindo uliokuwa umezoeleka kwa baadhi ya meli za kitalii. Saa 3:45 usiku ubavu wa kushoto ulikwaruza miamba ya Le Scole. Bati la meli lilichanika kwa zaidi ya mita 50 chini ya usawa wa maji, vyumba vya mitambo vikafurika, umeme ukazimika.

Tumbo la meli ya aina ile limegawanywa kwa kuta zisizopitisha maji, na imeundwa iweze kuendelea kuelea hata kama vyumba viwili vinavyopakana vimejaa. Usiku ule maji yaliingia katika vyumba vingi kuliko hivyo, na watu wa mitambo walimpelekea nahodha habari hizo mapema. Tangu alipozipata, hakuwa na fumbo la kitaalamu la kufumbua. Meli haikuwa na maisha tena. Kazi iliyobaki ilikuwa kuwatoa watu kabla haijainama.

Abiria wakatangaziwa kuwa umeme umeleta hitilafu. Walinzi wa pwani walipouliza kuna nini, nao wakaambiwa kuna tatizo la umeme tu. Nchi kavu ilianza kushtuka kwa sababu abiria mmoja alimpigia simu jamaa yake mjini Prato kumweleza kwamba wamevalishwa makoti ya kuokolea, na jamaa huyo akawaarifu askari. Meli yenye redio za kila aina na maofisa wa kila daraja iliombewa msaada kwa simu ya mkononi ya abiria. Ishara ya hatari ilipigwa saa 4:33. Amri ya kuiacha meli ilitoka saa 4:54, saa moja na dakika tisa baada ya kugonga mwamba.

Muda huo ndio uliokuwa na thamani kuliko kitu chochote melini. Meli ilipokuwa bado imesimama sawasawa, boti za pande zote mbili zingeweza kushushwa na wazee wangeweza kutembea wenyewe hadi sitahani. Amri ilipotolewa, meli ilikuwa imeinama, boti nyingine zikakwama, na watu wakaanza kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine kupitia korido zilizokuwa zikigeuka kuwa kama visima. Kuna waliofia humo. Mamia ya waliopandia Civitavecchia jioni ileile walikuwa hata hawajafanyishwa zoezi la dharura, kwa kuwa kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24 baada ya kupanda. Tangu 2015 zoezi hilo lazima lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka.

Kwa nini nahodha mzoefu apoteze muda kama ule? Naamini kila dakika aliyonyamaza ilimpa nafasi ya kubaki nahodha aliyepatwa na hitilafu. Akishatamka amri ya kuiacha meli, anakuwa nahodha aliyeipasua meli ya kampuni kwa sababu ya saluti. Amri ile ilikuwa pia ungamo, naye akaiahirisha mpaka meli yenyewe ilipoungama kwa niaba yake.

Mahakama ya Grosseto ilimhukumu mwezi Februari 2015 kifungo cha miaka 16, na Mei 2017 mahakama ya juu kabisa ya Italia ikaithibitisha adhabu hiyo. Mgawanyo wake unafaa kuangaliwa kwa makini. Miaka 10 ilikuwa ya vifo vya watu, miaka 5 ya kusababisha ajali ya meli, na mwaka 1 wa kuwatelekeza abiria. Kile kitendo kilichochapwa kwenye fulana kilipewa mwaka mmoja. Uzito wote uliobaki uliangukia maamuzi yaliyofanyika kabla hajaikanyaga boti ya kuokolea.

Kuogopa hakukatazwi

Wahenga wetu hawakuwahi kuudharau woga. Walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Huo ni ushauri mwema kwa mtu anayejilinda yeye na jamii yake. Mvuvi anayeona wingu jeusi kuelekea kusi akarudi nyumbani bila samaki hana wa kumcheka isipokuwa mpumbavu.

Nahodha naye ana haki ya kuogopa, na kwa kweli asiyeogopa bahari hafai kupewa chombo. Tofauti ni kwamba abiria anapopanda humkabidhi amana. Hajui kina, hajui miamba, hajui boti inashushwaje, na akiwa ndani hana pa kwenda. Amemwachia nahodha macho yake na uamuzi wake. Ndiyo maana desturi ya mabaharia, na sheria za nchi kama Italia na Korea Kusini, zinamtaka nahodha awe wa mwisho kutoka. Hakuna anayemtaka afe. Anatakiwa abaki kwa sababu kuna kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya vizuri kama yeye: anaijua meli, maofisa wanamtii, na nchi kavu inahitaji mtu mmoja wa kuuliza wangapi wametoka na wangapi bado. De Falco alikuwa akimwomba Schettino hesabu. Usiku ule mtu aliyepanda melini kusaidia badala yake alikuwa Mario Pellegrini, naibu meya wa Giglio, ambaye hakuwa na cheo chochote cha ubaharia.

Mahujaji wa Jeddah

Mkasa unaofanana na huu ulitokea katika bahari iliyo jirani na yetu miaka mia na thelathini na zaidi kabla ya Giglio. Julai 1880 meli ya mvuke Jeddah, mali ya ukoo wa Kiarabu wa Alsagoff wa Singapore, iliondoka Singapore na kupitia Penang ikiwa na mahujaji zaidi ya 900, wanaume kwa wanawake na watoto, wakienda Makka. Nahodha alikuwa Mwingereza, Joseph Lucas Clark, na ofisa wake wa kwanza Augustine Podmore Williams. Karibu na Rasi Guardafui, kwenye ncha ya Pembe ya Afrika, dhoruba iliyumbisha meli mpaka matangi ya mvuke yakang'oka kwenye misingi yake na maji yakaanza kuingia. Mahujaji walishika pampu na ndoo, wakasaidia kuchota.

Alfajiri ya Agosti 8, Clark, mke wake, Williams na maofisa wengine wa Kizungu walishuka kwenye boti wakaondoka. Baadaye walijitetea kwamba mahujaji walikuwa wakitishia kuwaua. Waliokotwa na meli ya Scindia na kufikishwa Aden, ambako walitangaza kwamba Jeddah imezama na watu wote. Siku iliyofuata Jeddah yenyewe iliingia bandarini Aden ikivutwa na meli ya Antenor, na mahujaji wakiwa hai ndani yake. Ofisa mmoja wa Antenor alikuwa amepanda melini na, akisaidiana na walewale mahujaji waliodaiwa kuwa wauaji, aliifikisha salama.

Baraza la uchunguzi lilimfungia Clark cheti chake kwa miaka mitatu. Williams alirudi Singapore, akaishi huko miaka mingi akifanya kazi za bandarini. Joseph Conrad, aliyekuwa baharia kabla ya kuwa mwandishi, aliuchukua mkasa wake ukawa mbegu ya riwaya ya *Lord Jim*, iliyotoka mwaka 1900.

Ukiutazama utetezi wa maofisa wale unaona jambo ambalo halimo katika dhoruba. Walikuwa wamesafiri wiki tatu na watu mia tisa bila kuwaona kuwa watu. Waliwaona kuwa shehena, na shehena ilipoanza kupiga kelele wakaigeuza adui. Nahodha ambaye moyoni mwake hajawapokea abiria kuwa watu wa amana yake ameshawaacha tangu bandarini, hata kama mwili wake ungali melini.

Watoto waliotii

Aprili 16, 2014, kivuko cha Sewol kilikuwa kikitoka Incheon kwenda kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, kikiwa na watu 476. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa sekondari ya Danwon, mji wa Ansan, waliokuwa kwenye safari ya shule. Kivuko kilikuwa kimeongezewa vyumba vya juu, kimebeba mzigo unaozidi mara mbili ya kiwango kilichoruhusiwa, na maji ya kukitulizia chini yalikuwa yamepunguzwa. Kilipokata kona asubuhi ile, mzigo ulihama, kikalala.

Tangazo lilirudiwa mara kwa mara: msitoke mlipo, kaeni hapo hapo. Wanafunzi wakakaa, wamevaa makoti ya kuokolea, wengine wakiandikiana ujumbe na wazazi. Kituo cha kuongoza meli cha Jindo kiliwaambia walio kwenye usukani kwamba uamuzi wa kuwatoa abiria ni wa nahodha. Wao wakaendelea kuuliza kama watu wakitoka wataokolewa mara moja. Nahodha Lee Jun-seok alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchukuliwa na boti ya walinzi wa pwani, huku tangazo likiwa bado linawazuia watoto vyumbani. Waliokufa ni 304, wakiwamo wanafunzi 250. Baadaye Lee alieleza kwamba alihofia maji ya baridi na mkondo mkali ungewabeba abiria.

Mahakama ya kwanza ilimpa miaka 36. Mahakama ya rufaa, Aprili 2015, ilimtia hatiani kwa mauaji na kumpa kifungo cha maisha, na mahakama ya juu ikaafiki Novemba mwaka huohuo. Naona majaji wale walielewa kitu. Kukaa kimya kwa mtu ambaye neno lake moja lingewatoa watu si kutofanya kitu. Wale watoto walifanya kila walichofundishwa na wakubwa: walitii, wakasubiri. Utii wao ulikuwa salama kwa kadiri tu mkubwa wao alivyokuwa tayari kusema ukweli.

Neno la nahodha lina nguvu

Kuna anayeweza kusema kwamba katika ajali kila mtu hujiokoa, na nahodha mmoja hawezi kubadili maumbile ya binadamu. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, Mikael Elinder na Oscar Erixson, walichunguza ajali 18 za meli zilizotokea kuanzia 1852 hadi 2011, zilizohusu watu wapatao 15,000. Waligundua kwamba kwa kawaida manahodha na wafanyakazi huokoka zaidi kuliko abiria, na wanaume zaidi kuliko wanawake. Ile hadithi tamu ya wanawake na watoto kwanza, tuliyoizoea kwa sababu ya Titanic, haikuwa kawaida ya baharini. Ila waliona pia kwamba nahodha anapotoa amri, mwenendo wa watu hubadilika. Maumbile yana nguvu, na amri nayo ina nguvu yake.

Meli ya Oceanos inatoa ushahidi wa upande wa pili. Agosti 1991 meli hiyo ya Ugiriki ilianza kujaa maji nje ya pwani ya mashariki ya Afrika Kusini, ikitoka East London kwenda Durban. Nahodha Yiannis Avranas na baadhi ya mabaharia waliondoka huku abiria wakiwa bado melini. Waliobaki kuwahudumia walikuwa wanamuziki na watumbuizaji. Mpiga gitaa Moss Hills aliingia kwenye chumba cha kuongozea meli, akaikuta redio, akaanza kuomba msaada. Alipoulizwa cheo chake alijibu kwamba yeye ni mpiga gitaa. Yeye na wenzake waliwapanga watu, wakashusha boti, kisha wakawafunga abiria kamba za helikopta za jeshi la anga la Afrika Kusini, mmoja baada ya mwingine. Watu wote 571 waliokolewa, meli ikazama. Wajibu haukuwa na mwenyewe, akauokota aliyekuwa karibu. Hills hakujua ubaharia. Alichokuwa nacho ni kwamba alikubali kuona meli inazama, na akawaambia wenzake hivyo.

Wajibu huanzia gatini

Ukizipanga ajali hizi pamoja, kukimbia hutokea mwishoni. Kwanza nahodha huwadanganya wengine, au hujidanganya mwenyewe, kuhusu hali ya chombo. Halafu dakika za kuokoa watu hupita. Anapobaki peke yake na matokeo, hukimbia, kwa kuwa hana tena la kumwambia mtu yeyote. Ikiwa ndivyo, basi mahali pa kumpima nahodha ni mbali na mwamba. Ni pale gatini, asubuhi ya kawaida, anapotakiwa kusema kwamba watu wametosha.

Sisi Watanzania tunalijua hili kwa machungu. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, ikiwa imejaza abiria kupita uwezo wake wa watu 430, na waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 800 na 1,000. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere chenye uwezo wa watu 101 kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafa. Katika chombo kilichojaa vile, ushujaa wa dakika ya mwisho hauwezi kumsaidia mtu. Chombo kikipinduka, kimepinduka. Ushujaa uliohitajika ulikuwa ni kuvuta daraja la kupandia wakati watu bado wako kwenye foleni.

Ushujaa huo una gharama ambazo hatuzitaji. Nahodha anayekataa kuondoka anapambana na mwenye chombo anayehesabu nauli, mfanyabiashara ambaye samaki wake wataoza, na abiria wenyewe wanaopiga kelele kwamba wamechelewa msibani. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ambao toleo lake la kwanza lilipitishwa mwaka 1914 kwa sababu ya Titanic, unakataza mwenye meli, mkodishaji au mtu yeyote kumzuia nahodha kufanya uamuzi anaouona wa lazima kwa usalama wa watu. Mkataba huo kwa sehemu kubwa ni wa meli za safari za kimataifa, lakini roho ya kanuni hiyo inahitajika zaidi kwenye vivuko vya Ziwa Victoria na boti za kwenda visiwani, ambako nahodha ni kibarua anayeweza kufukuzwa jioni na mwingine akashika usukani asubuhi.

Kwa hiyo tunapodai manahodha jasiri, tudai pia mambo yanayowawezesha kuwa jasiri. Nahodha aliyekataa kupakia kupita kiasi asipoteze kazi, na aliyemfukuza kwa sababu hiyo ashtakiwe. Hesabu ya abiria ifanywe na mtu asiyelipwa na mwenye chombo, na nahodha asiondoke bila kuisaini. Zoezi la dharura lifanyike kabla ya kung'oa nanga, na abiria waonyeshwe makoti yalipo badala ya kuambiwa tu kwamba yapo. Nahodha anapotoa taarifa ya hitilafu mapema, hata kama baadaye itaonekana ilikuwa ndogo, asifanywe kichekesho, kwa sababu kicheko hicho ndicho kitakachomnyamazisha mwenzake siku ya hitilafu kubwa.

Na sisi abiria tuna sehemu yetu. Siku nahodha atakapotangaza kwamba chombo kimejaa na waliobaki wasubiri safari ijayo, asizomewe. Wale waliobaki gatini wakiwa wamekasirika watakuwa wamefanyiwa kazi aliyoajiriwa kuifanya, na wanapaswa kumtetea kwa sauti ileile ambayo wangeitumia kumlaani kama angewapakia na kuwazamisha.